Injini ndogo ya shanti (ya kupanga mabehewa), nguvu ya farasi 165: itavuta tani ngapi za kokoto?

mtandika_reli: Wadau, zile injini 5 za Class 97/6 za Uingereza, zilizoundwa na Ruston & Hornsby miaka ya 1950 kwa kazi za matengenezo ya njia, zilikuwa na farasi 165 tu. Injini ya nguvu hiyo, tuseme ya tani 30, itapandisha mzigo gani mwinuko wa 1 kwa 100, reli zikiwa na unyevu?

fundi_dizeli: Anza na mshiko (jinsi magurudumu yanavyoshika reli), farasi baadaye. Reli ikilowa chukua mshiko wa 0.15 ya uzito wa injini: 30 × 0.15 = nguvu ya tani 4.5. Kila tani ya treni inadai kilo 5 hivi kusukuma magurudumu na kilo 10 za mwinuko. 4,500 ÷ 15 = tani 300; toa injini yenyewe, zinabaki 270. Farasi 165 zitakupa takriban kilomita 8 kwa saa hapo, na kwa kumwaga kokoto zinatosha kabisa.

mtandika_reli: Na gurudumu likianza kuteleza?

shanta: Punguza nguvu ya injini KWANZA, ndipo umwage mchanga relini ili gurudumu lishike. Gurudumu linalozunguka bure likinasa ghafla, gia au ekseli inavunjika. Mchanga uwe mkavu. Ukilowa unaziba bomba. Usiumwage juu ya swichi za njia.

fundi_dizeli: Na treni ikigoma kuondoka, usishikilie umeme mwingi mota za umeme zinazozungusha magurudumu zikiwa zimesimama. Komutata (silinda ya shaba ndani ya mota inayopokea umeme) inaungua sehemu ile ile zilipogusa kaboni (brashi za kupitisha umeme).