Gofu la hospitali Tanga au majengo ya kale Bagamoyo: wapi panalipa kwa picha?

lenzi_ya_chumvi
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina siku mbili za mapumziko na kamera moja, natokea Dar. Nataka kupiga majengo yaliyoachwa, hasa hospitali na taasisi za zamani. Nimebaki na sehemu mbili: Cliff Block pale Bombo, Tanga, hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19, au Bagamoyo, kwenye Boma la 1897 na majengo ya ufukweni. Bagamoyo ni kama kilomita 70, naenda na kurudi siku hiyohiyo. Tanga ni 350 hivi, na gharama ya kulala juu yake. Panalipa kweli?

kaole_mapema
Bagamoyo, mkuu, usijisumbue. Pwani yetu inatazama mashariki, jua linachomoza baharini, na ukifika saa kumi na mbili kasoro alfajiri una nusu saa ya mwanga wa dhahabu. Na kwa kuwa unatafuta habari za hospitali, mji huu ndio wa Sewa Haji, tajiri aliyetoa mali yake kujenga hospitali na shule, akafariki 1897. Wagonjwa wa Muhimbili hadi leo wanalazwa jengo la Sewahaji, wengi hawajui alikuwa nani.

binti_chumbageni
Kaole, hiyo ni historia ya hospitali. Yeye anataka gofu la hospitali, na hilo liko kwetu Tanga.

Nikueleze kwa nini naipenda Cliff Block. Jengo lenyewe linasema madaktari wake waliamini nini. Hadi 1897, daktari Mwingereza Ross alipokikuta kijidudu cha malaria ndani ya mbu, Wazungu wengi walidhani homa inaletwa na hewa mbaya ya mabondeni. Hospitali zao za zama hizo wakazipandisha mahali pa juu, baraza pana, upepo wa bahari upite. Ukisimama pale Bombo unaona hesabu hiyo yote kwa jicho moja: bahari chini, baraza juu. Piga baraza kwanza, vyumba baadaye. Watu wengi wanakimbilia kupiga giza la ndani, wanarudi na picha za kutisha ambazo zingeweza kuwa za nyumba yoyote.

mzee_wa_filamu
Vijana, hamjamwambia la muhimu. Jirani na Cliff Block pana hospitali ya mkoa inayofanya kazi, wagonjwa wanapita. Huingii na kamera shingoni kama unakwenda harusini. Andika barua kwa uongozi, bisha hodi, taja sababu. Mimi niliwahi kupiga gofu moja la serikali (sitalitaja) bila kuuliza, mlinzi akanisimamia nikafungua kamera, roli nzima ya filamu ikaungua mwanga. Picha 36! Na ukikuta faili kuukuu lenye jina la mgonjwa, liache. Siri ya mgonjwa haiozi pamoja na paa.

lenzi_ya_chumvi
Shikamoo mzee. Nimekusikia. Na droni je?

mzee_wa_filamu
Marahaba. Bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iache nyumbani.

fundi_chokaa
Nimefanya ukarabati wa nyumba za mawe miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia sakafu. Nyingi za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti. Paa likishavuja, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali usipopaona. Kwa hiyo ghorofani usipande peke yako, na kama mwenyeji kakwambia usipande, usipande. Penye mavi ya popo vaa barakoa, vumbi lake lina kuvu inayoingia mapafuni.

Kwenye picha zenyewe: flashi inaua umbile la chokaa. Weka tripodi, ISO 100, piga tatu za mwanga tofauti kisha unganisha, maana dirisha litawaka na ndani patakuwa kiza. Jua la pembeni ndilo linaloonyesha kila ufa.

Jambo dogo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yamo humo. Ya Wajerumani hayalindwi mpaka yatangazwe rasmi. Ukichelewa, mengine utayakuta ni kifusi.

kaole_mapema
Hapo umenigusa. Nakiri, majengo kadhaa ya Bagamoyo yamekarabatiwa, yana kiingilio na waongozaji. Yanapendeza, ila hayajaachwa.

lenzi_ya_chumvi
Basi Tanga. Bagamoyo nitaifanya Jumamosi nyingine, alfajiri, bila kulala huko. Barua naandika leo, nisipojibiwa nitapiga baraza kutokea barabarani.

binti_chumbageni
Barabarani utaona miti tu. Subiri jibu, hata wiki mbili. Magofu ya Tongoni yako kilomita 17 hivi kusini mwa mji, makaburi ya nguzo yatakushughulisha siku ya pili.

lenzi_ya_chumvi
Sawa dada. Nasubiri.