Utafiti wa vyuo vikuu utamfikiaje mtoto wa visiwani na mwaloni?

Mwalimu wa Visiwani (Ukerewe)

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha shule ya msingi katika kisiwa kimoja cha Wilaya ya Ukerewe. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na utekelezaji wake ukaanza Januari 2016, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani wameandikishwa. Hata hivyo, kuandikishwa ni jambo moja na kujifunza ni jambo jingine. Katika darasa langu la tatu wapo wanaosoma hadithi bila kukwama, na kwenye dawati hilohilo wapo wasioweza kuunganisha silabi. Wengine majina yao yamo katika daftari la mahudhurio, lakini wenyewe huonekana kwa vipindi, kutegemea kazi za mwaloni, yaani ufukweni ambako samaki na dagaa hushushwa.

Watafiti kwa upande wao hawakosekani. Hufika na barua ya kibali kutoka halmashauri, hugawa hojaji kwa walimu, huwahoji wazazi wachache, kisha huondoka na kivuko. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliahidi kutuletea nakala ya matokeo, na mpaka leo wajumbe wa kamati ya shule huniuliza habari za ahadi hiyo kila tunapokutana. Siudharau utafiti, nauliza kwa kuwa nautegemea. Ni kwa njia gani hasa utafiti wa kitaaluma umewahi kumsaidia mtoto wa maeneo kama yetu kupata elimu iliyo bora, na sisi walimu tudai nini kwa wale wanaokuja kututafiti?

Mhadhiri, Nyamagana

Mwalimu, pole kwa ahadi ambayo haijatimizwa. Nitajibu kwa mifano, kwa sababu faida za utafiti zikielezwa kwa ujumla kila mtu hukubali na hakuna kinachobadilika.

Kwa miaka mingi tulipima maendeleo ya elimu kwa idadi ya walioandikishwa, vyumba vya madarasa na madawati. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza nchini mwaka 2010 na kuendeshwa na shirika la Twaweza, iliwafuata watoto majumbani badala ya kuwasubiri shuleni, ikawapima kusoma na kuhesabu kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili. Kwa kupima nyumbani, ilimkuta pia mtoto mtoro na yule ambaye hajawahi kuandikishwa. Matokeo yalionyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu walikuwa hawajaumudu ujuzi wa darasa la pili, na mjadala wa taifa ukaanza kuhama kutoka kwenye majengo kwenda kwenye ujifunzaji. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliorekebishwa mwaka 2015 ukaweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Sisemi kwamba ripoti moja ndiyo iliyoleta mabadiliko hayo, lakini ni vigumu kutetea jambo ambalo halijapimwa.

Mfano wa pili ni KiuFunza, jaribio lililofanyika katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania Bara mwaka 2013 na 2014, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi; baadhi hazikupewa ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu alilipwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo; baadhi zilipata vyote viwili; na nyingine hazikupata chochote, ili ziwe za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikuongeza alama za watoto. Sehemu ya sababu ni kwamba shule ilipopata fedha, wazazi nao walipunguza matumizi yao ya elimu nyumbani. Motisha peke yake ilitoa matokeo yenye mashaka. Shule zilizopata ruzuku pamoja na motisha ndizo zilizopanda kwa uhakika, na kupanda kwao kulizidi jumla ya kile ambacho kila njia ilikifanya peke yake.

Mtu anayesoma matokeo hayo haraka atasema fedha hazisaidii, na hapo atakuwa amewadhuru watoto. Kilichoonekana ni kwamba kitabu na chaki humfaa mtoto pale mwalimu anapokuwa na sababu na nafasi ya kuvitumia, na mwalimu mwenye ari naye hukwama asipokuwa na vitendea kazi. Bila kundi la kulinganishia, tusingelijua hilo.

Mstaafu wa Sengerema

Salaam, walimu wenzangu. Nilifanya kazi ya ualimu, kisha uratibu wa elimu kata, na namshukuru Mhadhiri kwa maelezo yake. Ila nina wasiwasi juu ya jambo moja. Shule ambazo hazikupata chochote zilikuwa na watoto pia. Mzazi akiniuliza kwa nini shule ya jirani imepewa na ya mwanawe imenyimwa kwa bahati nasibu, nimjibu nini?

Tena, Mwalimu wa Visiwani, usisubiri chuo. Kila mchuuzi wa dagaa na kila mwalimu wa shule huku kwetu anajua kwamba wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Asubuhi inayofuata usiku wa uvuvi, dagaa lazima waanikwe. Mimi nimeona madarasa ya mwambao yakipungua watoto katika siku hizo, lakini kuona kwangu hakuwezi kumshawishi afisa mipango wa halmashauri. Daftari la mahudhurio linaweza. Lipo kabatini, limejazwa kila siku, na mara nyingi hutumika kuandikia taarifa ya mwezi tu. Wastani wa mwezi huchanganya siku za giza na siku za mbalamwezi, hivyo utoro wenye mpangilio hujificha ndani ya asilimia inayopendeza. Ukizitenganisha siku hizo kwa mwaka mzima, wavulana peke yao na wasichana peke yao, utakuwa umefanya utafiti ambao mtu wa mbali asingefikiria kuufanya.

Mama wa Kayenze

Shikamoo Mzee wetu wa Sengerema, na salamu kwa walimu wote. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Ni kweli kwamba wakati wa giza kazi ni nyingi, lakini naomba isiandikwe kwamba wazazi hatuijali shule. Wapo wanaomwacha binti mkubwa nyumbani kwa sababu hakuna mahali pa kumwacha mtoto mdogo wakati mama yuko mwaloni. Mtafiti akiuliza tu kama mtoto ametoroka, atapata jibu la ndiyo. Akiuliza alikuwa anafanya nini, huenda akagundua kwamba darasa la awali lililo karibu, au mama mmoja wa kulea wadogo wakati wa kuanika, lingemrudisha binti yule darasani.

Ombi langu jingine ni matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na nafasi ya kuuliza maswali iwepo. Tulijibu hojaji kuhusu maisha yetu, kwa hiyo tuna haki ya kujua kilichoandikwa.

Mwanafunzi wa Uzamili, Malimbe

Mama, nakubaliana na wewe kabisa, na nadhani tatizo linaanzia chuoni. Tasnifu nyingi za elimu zinazohusu watoto wanaofundishwa kwa Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza, hupitishwa na wasimamizi, kisha huhifadhiwa maktaba. Hakuna anayemlazimisha mwanafunzi kuandika hata kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya shule aliyokusanyia data. Mimi ningependa hilo liwe sharti la kuhitimu, sawa na kufuta makosa yaliyoonyeshwa na watahini. Kurasa hizo zieleze mtafiti aliuliza nini, alikuta nini katika kata ile, na mambo gani kamati ya shule inaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti.

Niongeze pia kwamba matokeo mazuri hayafiki mbali yasipokuwa na msukumo. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulilinganisha wanafunzi wa kidato cha kwanza waliofundishwa mada zilezile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa vizuri zaidi. Miaka mingi baadaye, shule zetu za sekondari za serikali bado zinafundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa kisiwa cha Ukara au Kome, ambaye pengine alianza shule akijua Kikara au Kizinza, hujifunza Kiswahili cha darasani na kukizoea, kisha akifika kidato cha kwanza hukutana na lugha nyingine tena katika karibu kila somo. Hiyo nayo ni kufungiwa mlango, ingawa jina lake limo katika orodha ya walioandikishwa.

Mhadhiri, Nyamagana

Mzee wangu wa Sengerema, swali la mzazi ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Bahati nasibu inakubalika pale tu ambapo fedha hazitoshi shule zote na hakuna anayejua kwa hakika kama mpango utasaidia. Katika hali hiyo kuna shule zitakazokosa vyovyote vile. Tofauti ni kama zitakosa kwa kura ya wazi au kwa kujuana. Njia ambayo mimi huipendelea ni kuzipa shule zamu, ili zinazoanza kama za kulinganishia zipate huduma baadaye. Ndivyo ilivyofanyika ng'ambo ya ziwa hili hili, katika Wilaya ya Busia nchini Kenya.

Mfano wa Busia unatuhusu sana sisi wa mwambao. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 zilipewa dawa za minyoo kwa awamu, na zile zenye maambukizi makubwa ya kichocho zikapewa dawa ya kichocho pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulieleza kwamba utoro ulipungua kwa takribani robo, na kwamba hata watoto ambao hawakunywa dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua kwa wenzao. Hata hivyo, alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 wataalamu wengine waliichambua upya data hiyo na kukosoa baadhi ya mahesabu, na mabishano yaliendelea. Michael Kremer, mmoja wa waandishi wa utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za majaribio ya aina hii.

Katika eneo lile la Busia, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kugawa vitabu vya kiada hakukupandisha wastani wa alama. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tayari, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho wengi hawakukimudu. Ukiunganisha tafiti hizi mbili, unaona kwamba kumleta mtoto shuleni na kumfundisha ni kazi zinazohitaji dawa tofauti. Darasa lako la tatu, Mwalimu, linahitaji zote mbili, na ya pili inaweza kuanza kwa kuwapanga watoto kwa saa moja kila siku kufuatana na kile wanachoweza kusoma, si kufuatana na darasa waliloandikishwa. Shirika la Pratham la India limeijaribu njia hiyo pamoja na watafiti kwa miaka mingi, na imefanya vizuri hasa pale muda huo ulipotengwa na kulindwa dhidi ya mada nyingine.

Mama wa Kayenze, ulilosema kuhusu mtoto mdogo ndilo swali ambalo ningependa mwanafunzi wangu ajaye alifanyie kazi. Daftari la mahudhurio litatuambia lini mtoto hayupo. Sababu ya kutokuwepo inajulikana kwako na kwa akina mama wenzako, na ndiyo maana mzazi anapaswa kuwepo wakati maswali yanapoandaliwa, si wakati wa kuyajibu tu.

Mwalimu wa Visiwani (Ukerewe)

Nawashukuru nyote, na kwa Mzee natoa shikamoo. Nimelijadili jambo hili na walimu wenzangu katika kikao cha jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na mwalimu mkuu amekubali tuyapitie madaftari ya mwaka uliopita, darasa la tatu hadi la sita. Kamati ya shule nayo imeamua kwamba mtafiti yeyote atakayekuja, pamoja na kibali chake, atatuandikia tarehe atakayorudisha matokeo na jina la mtu wa chuoni tutakayemuuliza asiporudi. Wenyeviti wa vitongoji wataorodhesha watoto wa umri wa kwenda shule kaya kwa kaya, kwa sababu daftari haliwezi kumwona ambaye hajaandikishwa. Katika visiwa vidogo visivyo na shule, orodha hiyo ndiyo tutakayoipeleka tunapoomba shule shikizi, yaani shule ndogo iliyo chini ya shule mama.

Mhadhiri, naomba uniambie jedwali la mahudhurio liwe na safu zipi ili kazi yetu isije ikakataliwa kwa kasoro ya uandishi.

Mhadhiri, Nyamagana

Weka tarehe, darasa, idadi ya wavulana walioandikishwa na waliohudhuria, kisha vivyo hivyo kwa wasichana. Usiandike jina la mtoto yeyote kwenye nakala itakayotoka nje ya shule. Safu ya giza au mbalamwezi ijazwe na mtu ambaye hajaona mahudhurio, kwa kutumia kalenda ya mwezi, ili matarajio yetu yasiingie kwenye hesabu. Ongeza safu ya mvua kubwa, siku ya gulio, siku ambayo kivuko hakikufika na siku ambayo mwalimu wa darasa hakuwepo, kwa sababu mambo hayo nayo hupunguza watoto, na mtu wa halmashauri atakuuliza umejuaje kwamba sababu ni dagaa. Ukimaliza muhula mmoja nitumie, tuukague pamoja kabla hujaendelea na muhula wa pili.