Aliyeuona mfupa ni "fundi", aliyeuandika ndiye mwanasayansi? Nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie.

Nasoma shahada ya pili. Sura nzima ya tasnifu yangu ilihusu mchango wa Kamoya Kimeu, Mkenya msaka mifupa, katika utafiti wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) Afrika Mashariki. Juzi nimerudishiwa. Kurasa kumi na moja zimechorwa kalamu nyekundu kona hadi kona, pembeni msimamizi kaandika: "Huyu ni fundi wa uwandani. Machapisho yake yako wapi?"

Nikamfuata ofisini. Akafungua ule mtandao unaohesabu mtafiti kanukuliwa mara ngapi, akaandika jina la Kamoya, akanigeuzia kompyuta. "Umeona?" Nimeona, ndiyo. Nimeona watu wamejaa pale waliopata vyeo kwa kuandika kuhusu alichokiokota yeye.

Twende Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Agosti 1984. Kambi imepiga hema kando ya mto wa mchanga, watu wanapumzika. Kamoya anavuka mto mkavu anatembea tembea. Upande wa pili, kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi za volkano, anainama. Ameona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo kama kiberiti, rangi yake na ya kokoto ni ileile. Jamani, ileile! Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Wakachimba na kuchekecha udongo kwa misimu kadhaa, ikatoka mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Ndiye huyo mnayemwita Kijana wa Turkana.

Mwaka uliofuata makala ikatoka kwenye jarida la kisayansi la Nature. Waandishi wanne: Brown, Harris, Leakey, Walker. Hesabuni wenyewe kama yumo aliyeinama.

Wala si yeye peke yake. Fuvu maarufu la namba 1470, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, aliliona msaka mifupa mwenzake, Bernard Ngeneo, mwaka 1972. Makala ya Nature ya 1973 ina mwandishi mmoja tu, Richard Leakey, kiongozi wa msafara. Kila anayelinukuu fuvu lile hadi leo anamnukuu Leakey.

Na Watanzania wenzangu msikae pembeni mkidhani haya ni ya Wakenya. Kamoya kazi aliianzia kwetu, Olduvai, 1960, kibarua wa Louis na Mary Leakey, watafiti wazazi wa Richard. Taya la Peninj, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Ziwa Natron, aliliona yeye mwaka 1964. Miaka mitatu baadaye yuko Omo, Ethiopia, anaokota mabaki ya binadamu wa aina yetu sisi. Mtu mmoja huyo! Profesa gani ana orodha ya hivyo?

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Mwaka 1995 lilitangazwa jina Kamoyapithecus, mnyama wa kale wa jamii ya masokwe, kwa heshima yake. Kabla ya hapo kuna mmoja wa jamii ya mbega aliyepewa jina kimeui. Kwa hiyo Kamoya ananukuliwa sana tu kwenye majarida, ila ananukuliwa kama nyani. Kama mtafiti, hapana.

Najua wapo watakaokuja kunijibu kwamba aliheshimiwa. Sawa. Mwaka 1985 alikabidhiwa medali ya National Geographic Society na Rais Reagan, Ikulu ya Marekani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya walimkabidhi maeneo yote ya kale ayasimamie. Na Richard Leakey, tusimwonee, alikuwa anasema hadharani nani kaona nini. Udaktari wa heshima alipewa na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani mwaka 2021, akafariki Julai 2022. Baada ya miaka sitini ya jua! Halafu hiyo medali hata haiingii kwenye hesabu za msimamizi wangu, nimemuuliza.

Akanijibu, "Kuona si kutafiti." Nikamwuliza, basi mbona wenye shahada zao si wao waliokiona kipande kile? Kujua kokoto ipi si kokoto, kusoma mmomonyoko uelekee wapi, kujua mvua ya mwaka huu imefunua mteremko upi, kisha kuwafundisha wengine hadi wakawa genge zima la wasaka mifupa, hiyo kama si elimu ni nini? Ulozi?

Kanipa hadi Jumatatu niitoe sura ile, niweke nyingine kuhusu "mtafiti mwenye machapisho". Sitoi. Naomba mwenye uzoefu wa rufaa kwenye bodi ya shahada za juu anielekeze naanzia wapi, barua inapitia kwa nani kama msimamizi mwenyewe ndiye mlalamikiwa. Na wa kuniambia "komaa umalize usepe", ndugu, usijisumbue kuandika.