Filamu ya wafalme wa tamaduni tofauti: nani akutane na nani?

kalamu_mbichi:
Wakuu, naandika mswada wa filamu ya kihistoria ya kubuni. Elizabeth I wa Uingereza, Akbar wa dola la Mughal huko India, Mansa Musa, Ahmad al-Mansur wa Morocco na sultani wa Uthmania wanakutana kwenye karamu moja. Nani aondoke? Wazungumze lugha gani? Na makosa gani ya mavazi na mandhari huonekana haraka? Sitaki mtu anayejua historia aanze kucheka dakika ya tano.

msoma_tarikhi:
Mansa Musa aondoke. Hija yake ilikuwa 1324, na Elizabeth alizaliwa 1533. Badala yake mweke Mai (yaani mfalme) Idris Alooma wa Bornu, dola la karibu na Ziwa Chad, maana yeye anaingia kwenye hadithi bila kulazimishwa: aliwatumia askari wenye bunduki, akapeleka wajumbe Istanbul kwa sultani wa Uthmania, kisha akamwomba al-Mansur silaha. Al-Mansur akamtaka kwanza amtambue kuwa khalifa. Hapo una mgogoro tayari.

Karamu nayo ifute. Elizabeth hakuwahi kukanyaga nje ya nchi yake. Wafalme hawa walijuana kwa barua, zawadi na wajumbe, na huko ndiko filamu iliko. Anza na vita vya Wadi al-Makhazin huko Morocco, tarehe 4 Agosti 1578, ambako walikufa watawala watatu (mmoja alikuwa ameshapinduliwa) na al-Mansur akakalia kiti cha enzi siku hiyohiyo. Malizia 1603: Elizabeth alifariki Machi, al-Mansur Agosti, sultani wa Uthmania, Mehmed III, Desemba. Ukibuni mwisho kama huo utaambiwa umezidisha.

mkalimani_wa_ikulu:
Kuhusu lugha: kila ikulu izungumze lugha yake, halafu weka tafsiri chini ya picha. Elizabeth alijua Kilatini, Kifaransa, Kiitalia na Kihispania, kwa hiyo mjumbe wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, anapofika London mwaka 1600, Kihispania kinaweza kuwa daraja.

Tatizo la mkalimani ni muda. Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu. Kila neno likisemwa mara mbili, onyesho la kurasa tatu linakuwa dakika sita na watu wanasinzia. Tusikie tafsiri ya sentensi mbili za mwanzo tu, kisha kamera ibaki kwenye nyuso. Au mkalimani apunguze ukali wa maneno huku mtazamaji akisoma maneno halisi. Hiyo haichoshi kamwe.

Istanbul usimpe sultani hotuba ndefu. Mbele ya mabalozi alikuwa karibu hasemi. Waziri mkuu ndiye aliyejibu. Balozi alivishwa joho kwanza, kisha akaingizwa akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Ndani ya kasri walitumia pia lugha ya ishara. Ukimya huo unatisha kuliko ukali wowote utakaomwandikia.

sindano_na_uzi:
Mavazi. Mwaka 1600 Elizabeth anakaribia miaka 67. Usifuate picha zake rasmi, zilimchora kijana. Mpe wigi, uso uliopakwa weupe, na meno meusi. Mgeni wa Kijerumani aliyemwona 1598 aliyataja. Alipenda mno vitu vitamu, na Morocco ilikuwa ikiuza sukari Uingereza. Bakuli la sukari linatosha kuunganisha ikulu mbili, bila mazungumzo.

Kola yake ya mikunjo hukazwa kwa wanga na kulegea kwa jasho na joto la taa. Shona tatu zinazofanana, vinginevyo shoti za asubuhi na jioni hazitaungana.

Akbar ana masharubu, hana ndevu. Asivute buruma: tumbaku ilifika kwake miaka michache baada ya 1600. Kahawa iko Istanbul, lakini kwenye meza ya Elizabeth iondoe.

kalamu_mbichi:
Asanteni sana. Akbar sasa naona amebaki peke yake. Ataingiaje? Nilitaka kumweka Fatehpur Sikri, mji wake wa kifalme wa mawe mekundu.

msoma_tarikhi:
Mwaka 1600 siyo. Alihama Fatehpur Sikri mwaka 1585, na 1600 alikuwa vitani kusini akiizingira ngome ya Asirgarh. Ukitaka majengo yale mekundu, rudi nyuma: mwaka 1583 Elizabeth alimwandikia barua, ikachukuliwa na wafanyabiashara wa Kiingereza John Newbery na Ralph Fitch. Walifika kwenye ikulu yake, sonara wao William Leeds akabaki kumtumikia, Newbery akapotelea njiani, na Fitch akarudi London 1591. Mfuate Leeds. Mgeni anayefanya kazi ndani ya kasri huona mambo ambayo balozi hafunuliwi.

Angalizo la tarehe kwenye maandishi ya skrini: kuanzia 1582 Hispania, iliyochukua kalenda mpya ya Gregori, ilikuwa mbele ya Uingereza kwa siku 10, na Waingereza walianza mwaka tarehe 25 Machi. Elizabeth alifariki tarehe 24 Machi, kwa hiyo nyaraka zao zinaandika 1602. Chagua kalenda moja uishike filamu nzima.