Naomba ushauri: nijitetee au ninyamaze?

Wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni mtu mzima, nafanya kazi, sidaiwi na mtu, na jioni naangalia tamthilia za mapenzi za Kikorea. Zile ambazo sehemu ya kwanza tu unajua nani ataoana na nani. Nacheka, nalia kidogo, nalala.

Sasa kila nikiandika neno mtandaoni kuhusu nilichoangalia, wanakuja: "huna kazi?", "soma vitabu!" Kinara wao ni rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye wikiendi nzima yuko kwenye mpira na timu yake ikifungwa hali chakula. Huyo haulizwi.

Nilimjibu kwa historia. Nikamwambia mwaka 1924 gazeti la New York Times liliponda mafumbo ya maneno, yale ya kujaza herufi kwenye visanduku, kuwa ni kupoteza muda, halafu mwaka 1942 likaanza kuyachapisha lenyewe. Hata riwaya, hivyo vitabu anavyonisukumia, karne ya 18 huko Uingereza zilisemwa kuwa zinaharibu wasichana. Akanirushia kikatuni cha kicheko. Basi.

Kibaya zaidi, nikijitetea naanza kudanganya: eti najifunza lugha, eti napunguza msongo wa mawazo. Ukweli ni kwamba napenda tu.

Mliopitia haya, mnajibuje bila kuvunja urafiki? Nimfuate faragha, nimzuie asione ninachoandika, au niendelee kama hayupo? Wale wa "acha kuangalia", nawaomba mpite kimya.