Wakuu wa Marekani: kozi ya kutoa damu inalipa, au nibaki kwenye boksi?

MamaJunior: Habari za usiku wana jamvi. Niko Houston mwaka wa tatu, napiga boksi ghalani zamu ya usiku na mgongo umeshaanza kugoma. Kuna chuo kinafundisha kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo, wiki 8, Jumamosi na Jumapili, ada dola 1,400. Nyumbani niliishia kidato cha sita, CBG. Shemeji yenu anasema nitapoteza hela, bora nijipange kwa uuguzi. Damu siiogopi. Ninachoogopa ni kumchoma mtu halafu mshipa nisiupate. Mliopita huko, mwongozo tafadhali.

Kisiki: Pole na boksi dada. Bongo hiyo kazi anaifanya mtu wa maabara aliyesota diploma miaka 3. Wenzetu wameikata vipande, kila kipande na ada yake 😂

Mchomaji: Dada, usikurupuke kulipa. Texas haidai leseni ya jimbo kama California, ila waajiri wengi wanauliza cheti. Mtihani wa NHA, shirika linalotoa hicho cheti, unataka uthibitishe umechoma mishipa 30 na vidole 10, vya watu hai, si mkono wa plastiki. Kwa hiyo waulize: fildi mnanipeleka ninyi, au najitafutia? Mimi nililipa kabla ya kuuliza. Miezi mitano naambiwa "nafasi zinakuja", huku nachoma mpira darasani.

Mshipa utaukosa, hilo zoea. Usiutafute kwa macho, utafute kwa kidole: ukiubonyeza unabonyea na kurudi, kano ni ngumu kama kamba. Ukihisi unapiga, huo ni ateri, achana nao. Mpira wa kufunga mkono usizidi dakika 1. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako, hakuna aibu.

Na mpangilio wa chupa za kuwekea damu ukariri hadi uuote. Ya kifuniko cha zambarau ina dawa yenye potasiamu. Ukiitanguliza kabla ya ile ya dhahabu, tone likivuka tu, majibu yanatoka potasiamu iko juu na daktari anaanza kuhangaikia moyo wa mtu asiyeumwa chochote.

Bint_Tanga: Mimi niko na shemeji, nusu. Mshahara wa kuchoma haupishani sana na ghala. Ila ukishaingia hospitali, nyingine zinakuchangia ada ya uuguzi. Ingia kwa mlango huo.

MamaJunior: Ahsanteni sana. Leo nimewapigia, nikauliza la fildi. Dada wa mapokezi kanyamaza kidogo, kisha: "Tutakusaidia kutafuta." Hela imebaki mfukoni. Jumatatu naenda kuulizia chuo cha umma hapa jirani. Nimemsimulia shemeji yenu, kacheka, kakunja shati na kunyoosha mkono eti nianze na yeye. Mshipa wenyewe kama bomba la dawasa, hata Junior angeupata.