Nichukue kipi: cha Bwana Msa au cha Joram Kiango?

MwanaUjiji: Wadau, habari za jioni. Keshokutwa napanda treni hapa Kigoma, nataka riwaya moja ya upelelezi. Napenda zaidi mauaji ya vijiji vya pwani, kule kila mtu anamjua mwenzake. Nichukue kipi?

Kibirizi2: Mkuu, hujasema unaishia wapi. Bajeti je? Na ni chako au zawadi?

MamaTuli: Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale*. Ni cha 1960, lakini Kiswahili chake cha Unguja bado kitamu, na mpelelezi wake Bwana Msa, na kiko chake, hana papara.

ReliYaKati: Mimi natetea nyumbani. Mwandishi Ben Mtobwa ni mzaliwa wa Kigoma, na mpelelezi wake Joram Kiango hakupi nafasi ya kusinzia.

MamaTuli: Mwenzio kaomba pwani, wewe unampa wa nyumbani!

Karabai: Chochote utakachochukua, kagua kurasa za mwisho kabla hujalipa. Mwaka juzi nilinunua kopi ya kudurufu barabarani, mauaji ya kijiji cha wavuvi. Uvinza tumepita nasoma, Kaliua nasoma, moyo wote uko kwa shemeji wa marehemu, naona ndiye. Tunakaribia Tabora, mzee mwenye mtumbwi anafungua mdomo amtaje muuaji, nafunua ukurasa, nakuta jalada. Niliporudi, muuzaji akasema mali ikishauzwa hairudi. Iliniuma sana, na muuaji simjui hadi leo.

Kibirizi2: Pole sana. Mimi namshuku huyo mzee mwenyewe.

ReliYaKati: Halafu hadithi za pwani zina mtego kwetu. Maiti imekutwa maji yamekupwa, mpelelezi anahesabu saa ya kifo. Sisi ziwa letu halipwi wala halijai, hesabu hiyo tunaipata wapi?

MamaTuli: Ziwa nalo lina ushahidi wake. Shahidi akiapa kwamba usiku wa mwezi mpevu aliona taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani, mshike huyo huyo. Mbalamwezi ikiwaka hivyo, wavuvi wamelala majumbani.

Karabai: Dada, hiyo iandike. Mwanzo uwe mwaloni alfajiri, dagaa wameanikwa.

ReliYaKati: Na muuaji asiwe mgeni. Nimechoka na wageni.

MwanaUjiji: Samahani, mtandao ulikata. Naishia Dodoma, nina elfu kumi na tano. Kitabu ni cha mama, herufi ndogo zinamsumbua macho.

Kibirizi2: Herufi! Hilo ndilo la kuanza nalo, mkuu. MamaTuli, nakala yako ina herufi za ukubwa gani?